Harufu ya Ghorofa ya Saba

Watu wakiingia kwenye jengo kubwa la ofisi mjini, wakakuta hewa baridi, huvuta pumzi na kusema ahaa, kisha huketi. Mimi nikiingia hutazama dari kwanza, halafu hukunja pua. Nimefanya kazi juu ya dari hizo miaka mingi, na najua ile hewa imepita wapi kabla ya kufika puani mwa mtu. Ningeweza kuwaeleza, ila wangeshindwa kula chakula cha mchana.

Kazi yangu ilikuwa kutunza mitambo inayoendesha jengo lenyewe bila mkono wa mtu. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kompyuta tulizisikia tu. Jengo letu liliendeshwa kwa upepo. Chini kabisa, karibu na maegesho ya magari, kulikuwa na kompresa iliyokohoa mchana kutwa, ikisukuma upepo ndani ya mipira myembamba iliyopanda hadi ghorofa ya juu. Kila chumba kilikuwa na kidude ukutani cha kusikiliza joto. Joto likizidi, kidude kinaachia upepo, upepo unasukuma mkono wa chuma, mkono unafungua kilango ndani ya mfereji wa bati, na hewa baridi inawashukia wenye suti. Ni kazi ya akili, na sehemu hiyo niliipenda. Sehemu nyingine zote zilinitia kinyaa.

Chukua machujio. Watu hudhani vumbi la ofisi ni udongo. Si udongo. Ni nywele, ni ngozi iliyobambuka vichwani mwa watu, ni nyuzi za mazulia, ni sijui nini kingine, na vyote vinashikana kwenye chujio mpaka vinakuwa blanketi la kijivu unaloweza kulikunja. Nilikunja mengi. Halafu kuna trei iliyo chini ya mashine ya kupoza, inayokinga maji yanayodondoka. Isiposafishwa, maji yale hugeuka uji mweusi unaoteleza, na wakati mwingine ndani yake kuna njiwa aliyeingia akitafuta mahali pa kutagia. Nilikuwa nauchota uji huo kwa kopo. Mchana nilikula ugali wangu kwa kijiko, mimi mtu wa kwetu, ugali kwa kijiko, kwa sababu mikono yangu sikuiamini hata baada ya kuinawa. Wenzangu walinicheka sana. Waliniita Mzungu.

Nilikuwa nimepanga chumba Kibera, upande wa Ayany. Choo chetu kilikuwa kimoja kwa ploti nzima, vyumba vyote, na sitakisifu. Mvua ikinyesha kwa nguvu, mtaro uliopita mbele ya mlango ulijaa na kuleta vitu ambavyo hukutaka kujua vimetoka kwa nani. Nilikichukia choo kile na nilimchukia mwenye ploti aliyekuja kila mwisho wa mwezi akiwa ameziba pua. Lakini katika miaka yote niliyokaa pale sikusikia mtu hata mmoja akimwambia jirani yake kwamba uvundo ule ni wake peke yake. Hilo nililikuta mjini, kwenye ghorofa ya saba.

Ghorofa ya saba ndiyo aliyokaa Mkubwa wa kampuni iliyokodi jengo. Huyo nilimwona mara chache, akipita kutoka kwenye lifti kuingia ofisini kwake, mtu mnene mwenye miguu midogo. Alikuwa na choo chake mwenyewe ndani ya ofisi, kilicho na kabati la manukato na zulia. Nje ya mlango wake walikaa akina dada wa taipureta, safu baada ya safu, na nyuma kabisa, karibu na ngazi ya huduma, kulikuwa na jiko dogo la mama wa chai.

Mama huyu alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi kama mimi, ila yeye alikaa Kawangware, na mumewe alikuwa amelala kitandani na ugonjwa wa kifua tangu mwaka uliotangulia. Chakula cha nyumba ile kilitegemea birika lake. Alikuwa msafi kupita kiasi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe kila siku, aproni imepigwa pasi ya makaa hadi ikasimama, na kucha amezikata mpaka nyama. Nikitoka juu ya dari na ovaroli langu la uchafu, alikuwa ananiwekea kikombe kwenye ngazi, si jikoni.

"Fundi, kaa hapo hapo," alikuwa ananiambia. "Na usiegemee ukuta wangu."

Nilimpenda kwa hilo. Alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyechukia uchafu kama nilivyouchukia mimi.

Harufu ilianza baada ya mvua za masika. Sitaipamba. Ilikuwa harufu ya choo, tena si ya choo cha shimo ambacho jua na majivu vimekizoea. Hii ilikuwa mbichi, na ilikuja ikiwa baridi, jambo lililoifanya iwe mbaya zaidi. Ilishuka kutoka kwenye matundu ya hewa ikatua juu ya meza za akina dada wa taipureta, na madirisha ya jengo lile hayakuwa ya kufunguliwa. Walijifunika leso wakaendelea kuchapa. Ilikuja asubuhi baada ya chai ya saa nne, ikaisha, ikaja tena baada ya chai ya jioni.

Sasa, ukiwa na akili ya kawaida na ukae pale wiki moja, utaona nini? Utaona kigari cha chai kinapita, halafu harufu inafuata. Ndivyo walivyoona. Mwanzoni hakuna aliyelisema kwa sauti. Walianza kuviacha vikombe vyao bila kuvigusa. Kisha mmoja akaanza kubeba chai yake kwenye chupa kutoka nyumbani, na wengine wakamwiga. Mama wa chai alirudisha birika likiwa limejaa, akalimwaga kwenye sinki.

Meneja wa ofisi aliniita. Alikuwa kijana wa suti ya kahawia, mzaliwa wa Riruta, unaweza kurusha jiwe kutoka kwao likaangukia Kawangware. Lakini yeye alilitamka jina la Kawangware kama mtu anayetema mbegu ya limau.

"Fundi, hii smell ni mashine yako?"

Nilisema nitaangalia. Nilifungua mashine ya ghorofa ile, nikauchota uji wote, nikaisugua trei kwa dawa mpaka macho yakatoa machozi, nikabadilisha machujio. Nilikuta na njiwa, au kilichobaki cha njiwa, nikamtoa kwa karatasi. Niliamini kabisa nimemaliza. Kesho yake saa nne ikapita, vikombe vikapita, na harufu ikaja palepale.

"Umesafisha mashine?" meneja akaniuliza.

"Nimesafisha."

"Yote?"

"Yote. Hata wewe unaweza kulalia ile trei."

"Basi si mashine," akasema, na nikaona uso wake ukinyooka kama wa mtu aliyepata jibu la hesabu. "Kama si mashine, ni mtu."

Ijumaa hiyo alimwita mama wa chai. Sikuwemo, ila mama alinieleza mwenyewe akiwa anafungua aproni yake jikoni. Meneja alikuwa amemwambia kwa upole, kwa sababu watu kama wale hufanya ubaya wao kwa upole. Alimwambia akae nyumbani wiki nzima. Harufu ikiendelea, atarudi kazini na ataombwa radhi. Harufu ikiisha, asirudi. Alisema huo ni utaratibu wa kisayansi.

"Yaani nimeambiwa nikanukie nyumbani kwanza," mama akasema, "tuone kama ofisi itapona."

Alijaribu kucheka. Kisha akanishika mkono wa ovaroli, yeye ambaye hakuwahi kunigusa, akaniuliza polepole, "Fundi, niambie ukweli. Wewe umezoea harufu. Mimi nanuka?"

Nilimwambia hanuki. Akaitikia kwa kichwa namna ya mtu anayeambiwa na daktari kwamba atapona.

Jumatatu nilipanda juu ya dari kabla ya saa nne. Niwaeleze kidogo mahali penyewe. Kati ya dari unayoiona na zege la ghorofa ya juu kuna nafasi ya kutambaa. Hewa iliyotumika ofisini hupanda pale, mashine huivuta, huipoza na kuirudisha chini. Kwa hiyo ukiweka kitu kinachonuka mle ndani, umewawekea watu wote chini yako. Nilitambaa kwa tumbo juu ya mbao, tochi mdomoni, buibui usoni, nikifuata bomba la bati lililotoka kwenye choo cha Mkubwa. Lile bomba lilikuwa na feni ndogo ya kuvuta hewa chafu na kuitoa nje, na mwisho wake kulikuwa na kilango kilichofunguliwa na upepo wetu kama vilango vingine.

Kilango kilikuwa kimefungwa. Nilifuata mpira wake kwa vidole, nikakuta msumari.

Hapo nikaelewa, na nikaguna peke yangu gizani. Sisi mafundi wa mitambo ya upepo tulikuwa na desturi moja ya aibu. Bosi akilalamika kwamba kitu fulani kinampigia kelele au kinampulizia baridi shingoni, na huna muda wa kutafuta chanzo, unakata mpira mdogo wa upepo, unachomeka msumari uliozungushiwa uzi, na kitu hicho kinakufa kimyakimya. Bosi anafurahi, na wewe unakwenda zako. Hilo tuliliita kukiziba kitu mdomo. Fundi aliyekuwa pale kabla yangu alikuwa amehamia Mombasa, na kabla ya kwenda nilimsikia akisimulia kwamba Mkubwa hapendi mluzi chooni kwake. Kilango kile kilikuwa na mluzi kidogo kinapofunguka. Basi akakiziba mdomo. Feni ikabaki inasukuma hewa dhidi ya mlango uliofungwa, na baada ya mvua zile, maungio ya bati yakaachia.

Nilikuwa bado nimelala kifudifudi, nikitafuta plaisi mfukoni, nilipomsikia Mkubwa akiingia chooni chini yangu. Alikuwa amekunywa chai yake. Nilisikia gazeti likifunguliwa. Nilisikia na mengine, ambayo mtu mzima hapaswi kuyasikia kwa mtu mzima. Halafu ikaja, kutoka kwenye maungio yaliyoachia, mbele kabisa ya pua yangu, nzito na ya moto, nami sikuwa na pa kurudi nyuma. Nimesema choo chetu cha Kibera sitakisifu. Siku ile ningekisifu. Nililala pale nikiuma kola ya ovaroli, na niliona vumbi likianza kwenda polepole upande wa mashine, maana mashine ilikuwa inavuta. Ilikuwa inaibeba ile hewa kwenda kuipoza, kisha kuwagawia akina dada wa taipureta mezani. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, lakini hawakusema anaweza kulipuliza kwa mashine na kumfukuzia mwingine kazi.

Nikauchomoa msumari. Upepo ukalia sss, nikauunga mpira, mkono wa chuma ukanyooka, kilango kikafunguka. Nikayafunga maungio ya bati kwa utepe mpaka yakakaza. Fundi akiona kitu kimekaa vibaya, mkono unamwasha, na hakuna raha kama ile ya kukiona kimetulia. Nilishuka nikiwa na uso wa masizi na furaha moyoni. Nilikuwa nimemwokoa mama wa chai. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Ile harufu ya asubuhi meneja alisema ni mabaki ya Ijumaa. Jumatatu jioni hakukuwa na harufu. Jumanne hakukuwa na harufu. Tarishi mmoja alipitisha chai, akaimwaga nusu kwenye visahani, na watu wakainywa na kucheka kwa sauti. Meneja alikuwa anazunguka kati ya meza akivuta pumzi kama mtu aliyepelekwa mlimani na daktari.

"Umeona, fundi?" akaniambia. "Sayansi."

"Bwana meneja, si yule mama," nikamwambia. "Nimepata chanzo, nimekirekebisha jana. Ni bomba la choo cha Mk—"

Aliinua kiganja. Alitazama mlango wa Mkubwa, kisha akanitazama mimi, na nikaona amenielewa vizuri kabisa, na ndiyo maana aliogopa.

"Usimalize hiyo sentensi," akasema. "Kwa faida yako."

"Lakini yule mama—"

"Jana ulirekebisha bomba. Jana pia yeye hakuwepo. Unataka niende kwa Mkubwa nimwambie kati ya hizo mbili nimechagua ile ya kwake?"

Akaondoka akijipangusa mikono kwa leso, na hatukuwa hata tumeshikana mikono.

Jumatano nilitoka kazini nikaenda Kawangware. Nilitembea Ngong Road mpaka Dagoretti Corner nikateremkia huko, nimebeba mkate na sukari kwa sababu huwezi kumwendea mgonjwa mikono mitupu. Jua lilikuwa bado lipo. Watoto wa ploti waliniambia "Sasa!" wakanionyesha mlango. Mama alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda mbele ya beseni, anajisugua mikono kwa lile jiwe la kusugulia visigino. Mikono ilikuwa myekundu hadi kiwikoni. Mahali pengine ngozi ilikuwa imetoka.

"Karibu, fundi. Usikae karibu sana."

"Mama, wacha hiyo."

"Jumapili nilikaa nje ya kanisa," akasema, bila kuacha kusugua. "Nilisikiliza neno kupitia dirisha. Mzee huko ndani nimemwambia akinusa kitu aseme. Anasema hanusi. Lakini yeye ni mgonjwa, pua yake imekufa."

Nikamnyang'anya lile jiwe. Nikamweleza yote, msumari, kilango, gazeti la Mkubwa, yote. Alinisikiliza mdomo ukiwa wazi. Nilipofika pale nilipouma kola yangu, alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, akacheka hata mumewe akamuuliza kutoka ndani ni nini. Nilifurahi kumwona hivyo. Kisha akaishusha kanga usoni.

"Hiyo kitu umetengeneza lini?"

"Jumatatu."

"Mimi nimetoka ofisi Ijumaa."

"Ndiyo."

"Jumatatu harufu ikaisha."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya.

"Fundi," akasema, "umenimaliza kabisa."

"Nilimwambia meneja, mama. Nilimwambia jana."

"Na akasema nini?" Hakungoja jibu, alilijua. "Wewe ungeacha tu inuke! Wiki moja tu! Si ingenuka mimi nikiwa hapa na hii beseni yangu? Si wangejua?" Alisimama akatembea mpaka ukutani na kurudi. Sauti yake ilishuka. "Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Hiyo msumari. Enda urudishe. Iko Alhamisi, iko Ijumaa. Siku mbili inatosha."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia sijawahi kuharibu kitu kwa makusudi, kwamba kazi yangu ni kutengeneza, kwamba nikishikwa nitafukuzwa. Na kweli kilichoniuma zaidi ni kile kilango. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri.

Alinitazama kama ninavyotazama trei.

"Mimi nimejichuna ngozi hapa," akasema, "na wewe unahurumia bati?"

Alhamisi nilipanda juu ya dari nikarudisha msumari. Nikabandua na ule utepe wa maungio. Nilikaa ngazini nikingoja saa nne, na kwa mara ya kwanza maishani niliomba harufu ije. Ilikuja. Dada wa kwanza wa taipureta alisimamisha vidole hewani. Wa pili akatafuta leso. Kisha safu nzima ikanyanyua vichwa kwa pamoja na kutazama upande wa jikoni, na jikoni hakukuwa na mama yeyote, alikuwamo tarishi aliyeshika birika kwa mikono miwili.

Meneja alitoka mbio. Alisimama katikati ya ofisi akigeuza pua huku na huku. Na mimi nilimtazama, nikasema moyoni, sasa utafanya nini na sayansi yako? Alikwenda kwa tarishi akamnusa. Nasema alimnusa, bega na kwapa, mtu mzima mwenzake, mbele ya watu. Akaenda kwa mfagiaji akamnusa. Halafu akanijia mimi.

"Wewe unakaa wapi?"

"Kibera."

"Na tarishi?"

"Kibera," tarishi akajibu mwenyewe.

Mfagiaji hakuulizwa. Alisema tu polepole, "Kawangware," na meneja akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, na nikaona uso wake ukinyooka tena vilevile.

Ijumaa ilinuka kutwa nzima. Jioni meneja alimtuma tarishi aende Kawangware akamwambie mama wa chai arudi Jumatatu. Tarishi alinieleza kwamba alimkuta amelala, akaamka, akasikia, akaanza kuimba papo hapo, wimbo wa kanisani, na mumewe akamwitikia kutoka kitandani kwa kifua chake kile. Nilipita sokoni nikanunua nyama. Sikumbuki kama nililala kwa furaha.

Jumatatu nilifika mapema, nikautoa msumari kwa mara ya pili, nikautupa kwenye pipa, nikafunga utepe mpya. Nilimaliza kazi ya juu, nikajipangusa, na baada ya chai ya saa nne nikashuka kwa ngazi ya huduma nikimtafuta mama. Hewa ilikuwa safi. Nilimkuta kwenye mlango unaotoka ngazini kuingia ofisini, kitambaa kichwani cheupe, aproni imesimama, amevaa sweta ya mikono mirefu ili kuficha ngozi. Alikuwa ameshika mkebe wa kupuliza marashi, wenye picha ya maua.

"Mama! Karibu tena."

"Asante, fundi. Simama hapo hapo."

Nikadhani ni ule mchezo wake wa kila siku. Nikasimama nikitabasamu.

"Meneja ameleta hii," akasema, akatikisa mkebe. "Ameniomba radhi, kweli ameniomba. Amesema imeonekana si mimi. Amesema ni nyinyi."

"Sisi nani?"

"Nyinyi mnaopita ngazi ya nyuma. Tarishi, wafagiaji, mafundi. Kila mtu akiingia nimpige hii kwanza. Ndiyo kazi amenipa, juu ya ile ya chai. Asubuhi nimepiga wote, na unaona leo hakuna harufu. Meneja amefurahi sana."

"Mama," nikamwambia, "leo hakuna harufu kwa sababu nimetoa msumari. Unajua ile kitu ilikuwa inatoka wapi. Mimi na wewe tunajua."

"Najua," akasema. "Inua mikono."

Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko kile cha Kawangware, na sikukiona. Nikainua mikono. Akanipuliza makwapani, akanipuliza kifuani, akaniambia nigeuke, akanipuliza mgongoni na shingoni mpaka nikahisi matone baridi yakishuka ndani ya ovaroli. Ilinuka maua ya plastiki. Nilifumba macho nikingoja amalize.

Akanisogelea, akanusa kola yangu, akafikiri kidogo, akapuliza tena. Korido ilikuwa tupu, na meneja alikuwa amekwenda benki.